Gurudumu Lililoshika

Viatu tu ndivyo vinavyoonekana,
kimoja kina kamba, kingine kimefungwa kwa waya,
na sauti inatoka kwenye ekseli ya nyuma:
"Daktari, difu yako haiumwi.
Ndivyo ilivyozaliwa. Gurudumu moja likishika,
jingine likiteleza,
nguvu huliendea linaloteleza."

Najua. Niliiona juzi, kupanda Mau Narok alfajiri,
tairi la kushoto likisaga uji mweusi,
la kulia, juu ya majani makavu, limetulia
kama mgeni aliyekaribishwa akasahauliwa.
Nyuma, mtungi wa nitrojeni ukifuka baridi yake,
mbegu za fahali nisiyemjua zikingoja.
Ng'ombe wa Bi. Nyakio hakungoja.
"Basi hadi siku ishirini na moja," alisema kwa simu,
bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Wahenga: mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini jembe halimpeleki mtoto shule
kwa lami ya Nakuru saa moja,
likapanda mlima saa mbili.

Wepukhulu anajiburuta nje,
anapanga vyuma juu ya gunia kama muuza viazi.
"Hii hujifunga yenyewe. Rahisi, ila haina adabu.
Kila kona itagonga kama mlango wa seli,
na mvua ikilowesha lami
mkia wa gari utataka kuongoza njia."
Jerop hulala kiti cha nyuma, mdomo wazi.
Hapana.

"Hii ya sahani. Hubana, huachia, hubana.
Ina mafuta yake, na sahani huisha kama soli."
Nilikuwa nayo kwenye pikapu ya serikali:
miaka miwili ilinishika mkono,
wa tatu ikaniachia bila kuaga.

"Hii ya upepo." Hapa anashusha sauti, kama yuko kanisani.
Pampu, mpira mwembamba, swichi kwenye dashibodi;
ukibonyeza, magurudumu mawili ni fimbo moja.
Bei anaiandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti.
Nahesabu sifuri.
Napuliza vumbi.

"Basi hii, ya meno ya msokoto.
Haina sahani, haina swichi, kwenye lami hutajua ipo.
Humsikia anayeshika, ikamwongezea."

Humsikia anayeshika.
Nilikulia katika nyumba yenye difu ya kawaida.
Kaka yangu Kimosop aliteleza,
na kila alipoteleza nguvu za Baba zilimfuata:
ndama, karo ya chuo cha pili, dhamana, ndama tena.
Mimi nilikuwa nimesimama pakavu. Nilikuwa nimeshika.
Nani humsukuma aliyeshika?
Baba hakuwa mbaya. Ndivyo alivyoundwa.

"Ila," anasema Wepukhulu (mafundi wote wana ila),
"gurudumu likining'inia hewani kabisa, hii nayo hupotea.
Sifuri ukiizidisha mara tatu ni sifuri.
Hapo gusa breki kidogo,
uidanganye kwamba pana ardhi."

Nikalipa nusu. Nusu, maziwa yakilipwa.

Siku ya ishirini na moja, mtaro ule ule
kabla ya lango la Nyakio,
gurudumu la kushoto likaachana na dunia,
likazunguka, likazunguka, lenyewe na raha zake.
Mguu wa kulia kwenye mafuta;
wa kushoto nikagusa breki, kidogo tu,
jinsi unavyomgusa bega mtu anayeota.
Nyuma kulia kitu kikauma udongo.

Nyakio alikuwa ameshachemsha maji,
sabuni juu ya jiwe, ng'ombe amefungwa.
Hakusema kitu kuhusu ile siku nyingine.
Simu ikalia mfukoni: Kimosop.
Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya glavu,
hadi begani.